Je, Wajua? Panga moja, makosa mawili

Nchini Tanzania, pigo lilelile la panga laweza kuwa kosa hili au lile. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, huuliza nia ya muuaji. Aliyechokozwa kiasi cha kumpandisha mori mtu wa kawaida, akapiga papo hapo, huhesabiwa ameua bila kukusudia. Kifungo chaweza kufika maisha. Akirudi kwanza nyumbani kunoa panga? Hapo ni kuua kwa kukusudia: kunyongwa, isipokuwa mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18. Tena kuna kosa ambalo wengi hawalijui: mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi 12, akili ikiwa imevurugwa na uzazi, huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia.