Choo kigumu: Mlaji anunua weupe, ng'ombe apewa dawa

DODOMA – Gunia la mahindi la kilo 100 linapopita kwenye mashine ya kukoboa, robo hivi ya uzito wake hubaki pembeni ikiwa pumba. Unga mweupe hufungwa kwenye mifuko na kupelekwa madukani. Pumba hupakiwa kwa wafugaji wa ng'ombe, nguruwe na kuku. Kwa mwenye mashine hiyo ni biashara ya mara mbili. Kwa mlaji ni hasara ya mara mbili, kwani kwa kawaida sembe humgharimu zaidi ya dona, na baadaye huenda akaingia duka la dawa kutafuta vidonge vya kulainisha choo.

Katika nafaka, sehemu kubwa ya makapimlo, yaani nyuzinyuzi za mimea ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, imo kwenye ganda na kiini. Nyuzinyuzi hizo ndizo huvuta maji, huongeza ujazo wa choo na kukifanya kipite kwa urahisi. Zikiondolewa mashineni, mlaji hubaki na wanga unaoshibisha lakini hausukumi.

Wataalamu wa afya humhesabu mtu kuwa amefunga choo anapopata haja kubwa chini ya mara tatu kwa wiki, au anapopata choo kikavu kinachohitaji kusukumwa kwa nguvu. Hali hiyo ikiendelea huweza kuleta bawasiri na michubuko. Mfanyabiashara anayeshinda amekaa kwenye kigoda sokoni, au dereva wa lori la nafaka katika barabara ya Dodoma hadi Morogoro, hupoteza siku za kazi kwa maradhi ambayo huona haya kuyataja.

Somo kutoka Uganda

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya jambo hili. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyeanza kazi nchini Uganda mwaka 1946, alishangazwa na uchache wa maradhi ya utumbo mpana miongoni mwa wanakijiji, ilhali yalikuwa ya kawaida kwao Uingereza.

Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kupima choo. Wanakijiji wa Uganda, waliokula vyakula vya mimea visivyokobolewa, walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliokula mkate mweupe na vyakula vilivyosafishwa walitoa gramu zipatazo 100, na chakula kilichukua siku tatu au zaidi.

Si kila dhana ya Burkitt kuhusu maradhi mengine iliyothibitika baadaye. Hata hivyo, hoja kwamba makapimlo huongeza choo na kukiharakisha imebaki imara. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kila siku kutoka kwenye vyakula vya asili.

Hesabu ya meza ya asubuhi

Mlaji wa mjini mara nyingi huanza siku kwa chai na maandazi mawili. Mlo huo haufikishi gramu 3 za makapimlo. Slesi za mkate mweupe hazina tofauti kubwa. Supu ya makongoro, inayopendwa na wengi alfajiri, ina nguvu na mchuzi, lakini nyama na mifupa havina makapimlo hata gramu moja.

Upande wa pili wa hesabu ni kikombe kikubwa cha uji wa uwele usiokobolewa, uliopikwa kwa gramu 50 za unga. Huo hutoa gramu 4 hivi. Konzi ya karanga, gramu 30, huongeza zaidi ya gramu 2. Kipande cha papai cha gramu 200 huongeza gramu 3 na maji mengi. Jumla inakaribia gramu 10, yaani zaidi ya theluthi ya mahitaji ya siku nzima, kabla saa tatu asubuhi haijagonga.

Anayekula kwa mama lishe naye ana njia. Chapati si adui ikiambatana na maharage. Sahani ya maharage yaliyochemshwa ya gramu 150 peke yake hutoa gramu 9 hivi. Viazi vitamu vya kuchemsha, ambavyo wasafiri huvinunua kando ya barabara pale Gairo, ni bora kuliko andazi, hasa vikiliwa na ganda lililooshwa vizuri.

Kiporo nacho kisidharauliwe. Ugali uliolala hubadilika, na sehemu ya wanga wake hukataa kusagwa tumboni, ikafanya kazi inayofanana na ya makapimlo. Familia za Kigogo zinazokula kiporo cha uwele au mtama kwa mlenda huongeza na mteremko, kwa kuwa ute wa mlenda ni makapimlo yanayoyeyuka na kushika maji.

Mazao ya nyumbani

Kanda ya kati ina mvua ya msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na wastani wake mjini Dodoma hauzidi milimita 600 kwa mwaka. Uwele na mtama huhimili ukame huo kuliko mahindi. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa wa kimataifa wa mazao ya jamii ya ulezi na uwele. Hata hivyo, sokoni nafaka hizi bado huonwa na wengi kuwa chakula cha shida, huku mahindi ya Kibaigwa yakisafiri kwenda kukobolewa mijini.

Zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, husaidia zaidi zikikaushwa, maana gramu 100 za zabibu kavu zina gramu 4 hivi za makapimlo. Konzi moja ndani ya uji huondoa pia haja ya sukari. Ukwaju uliolowekwa usiku umekuwa dawa ya tumbo la kufunga tangu zamani.

Ubuyu unahitaji uangalifu. Unga wake una makapimlo mengi kupita karibu vyakula vyote vya kanda hii, na Jumuiya ya Ulaya iliuruhusu katika soko lake mwaka 2008. Lakini wenyeji huutumia pia kutuliza kuhara, kwa hiyo vijiko viwili katika uji au maji mengi vinatosha. Ubuyu wa rangi na sukari unaouzwa kwa watoto ni peremende, haufai kuhesabiwa.

Maji na saa

Makapimlo bila maji ni sawa na saruji bila maji. Katika hewa kavu na upepo wa Dodoma, anayeongeza dona na pumba bila kunywa maji anaweza kujifunga zaidi. Ongezeko liwe la polepole, kwa wiki mbili au tatu, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Saa nayo ina uzito wake. Chakula cha asubuhi huamsha utumbo mpana, na haja hujitokeza mara nyingi ndani ya nusu saa au saa moja. Mchuuzi anayekimbilia soko bila kula, au anayebana haja kwa kuwa hakuna wa kumwachia meza, huufundisha utumbo kunyamaza. Kuamka dakika 20 mapema ni dawa isiyo na bei.

Kwa mwenye mtaji

Sembe haikushinda kwa weupe peke yake. Kiini cha mahindi kina mafuta yanayochacha, hivyo dona hukaa wiki chache tu wakati sembe iliyo kavu huweza kukaa miezi. Mwenye duka huogopa hasara hiyo. Anayetaka kuingia katika unga wa nafaka nzima asage kidogo kidogo, aandike tarehe ya kusaga, na auze karibu na mashine.

Jambo la pili ni sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo ya ukungu iliua watu 20 kati ya wagonjwa 68 walioripotiwa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe yake. Mahindi na karanga zikaushwe juu ya turubai, zisilundikwe mbichi, na punje zenye ukungu zitupwe. Hazifai kwa mtu, na hazifai kwa ng'ombe. Dona salama huanzia kwa mnunuzi anayekataa gunia bovu, hata likiwa la bei ya chini.

Tahadhari

Mtu mwenye damu kwenye choo, anayekonda bila sababu, anayetapika huku tumbo limejaa, au ambaye mwenendo wa choo umebadilika ghafla akiwa na umri wa kuanzia miaka 50, asijitibu kwa uji. Aende hospitali. Wanaotumia vidonge vya madini ya chuma na baadhi ya dawa za maumivu wamwulize daktari, kwani dawa hizo hufunga choo.

Kwa wengine, ununuzi wa wiki hii ni mwepesi: kilo mbili za unga wa uwele au dona safi, nusu kilo ya karanga zilizochambuliwa, papai moja, na chupa ya maji ya kukaa nayo mezani sokoni.