Kumsahihisha Msemaji Bila Kumnyamazisha

Katika madarasa yetu ya stadi za mazungumzo, hotuba ni zoezi linalosubiriwa kwa hamu na kwa hofu. Mwanafunzi husimama mbele ya wenzake, huzungumza kwa dakika tano, kisha mwalimu huuliza: "Haya, mna maoni gani?" Hapo hutokea jambo moja kati ya mawili. Ama darasa zima hupiga makofi na kusema "Amejitahidi", ama mikono huinuka kutaja makosa ya ngeli, moja baada ya jingine. Katika hali zote mbili msemaji hurudi kitini bila kujua afanye nini juma lijalo.

Katika makala haya tunapenda kueleza kwamba kutoa maoni kuhusu hotuba ya mwingine ni stadi ya lugha kama zilivyo insha na ufupisho. Hufundishwa, hufanyiwa mazoezi na yenyewe husahihishwa.

Kwa nini suala hili lina uzito kwetu

Kiswahili hapa Uganda kimebeba mzigo wa historia. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na wananchi wengi wakaendelea kukihusisha na askari na amri zao. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Walimu watakaoifanya kazi hiyo ndio hawa wanaopanda jukwaani darasani kwetu leo. Mwanafunzi aliyechekwa kwa kusema "kitabu yangu" hujifunza haraka kwamba usalama uko katika kunyamaza. Akihitimu, atafundisha Kiswahili kwa chaki ubaoni na kutoa maelezo yake kwa Kiingereza. Hivyo basi maoni mabaya ya dakika mbili yanaweza kumfikia mtoto wa shule ambaye bado hajazaliwa.

Tusikilize kwanza

Msikilizaji anayewinda makosa hasikii hotuba. Tunashauri kila msikilizaji awe na karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza aandike kile kilichomfikia: hoja kuu, mfano anaoukumbuka, mahali alipocheka au alipopotea. Safu ya pili aandike maneno halisi ya msemaji yanayohitaji kuangaliwa. Maneno halisi ni muhimu. "Sarufi yako ina matatizo" haimsaidii mtu, lakini "Ulisema 'matatizo mingi' mara tatu" inamsaidia.

Darasa likiwa kubwa, kazi igawanywe: mmoja asikilize mpangilio wa hoja, mwingine sauti na matamshi, wa tatu sarufi na msamiati, wa nne ashike saa na kuhesabu "yaani" zisizo na kazi. Utaratibu wa namna hii si mgeni. Klabu za Toastmasters, zilizoasisiwa na Ralph Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924, na ambazo zimeenea hadi Nairobi na Kampala, humpa kila mtoa hotuba mtathmini wake. Mtathmini naye husimama na kuzungumza kwa dakika mbili au tatu. Kwa maneno mengine, anayetoa maoni naye yumo mafunzoni.

Kosa lipi liguswe?

Si kila kosa lina uzito sawa. Tunapendekeza makosa yapimwe kwa swali moja: je, limemzuia msikilizaji kuelewa?

Tuchukue mfano wa matamshi. Katika Luganda, sauti r husikika baada ya irabu i na e, na l hushika nafasi nyingine zote. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anaweza kutamka "habali" badala ya "habari", na hakuna atakayepotea. Lakini akisema "wananchi walikwenda kula" ilhali walikwenda kupiga kura, maana imebadilika. Vilevile mkazo: barabara ya magari huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na barabara yenye maana ya "sawasawa" huwekewa mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Makosa ya aina hii yasemwe kwanza.

Makosa ya upatanisho kama "kitabu yangu" nayo yana mahali pake, kwa kuwa tunaandaa walimu. Hata hivyo yachaguliwe. Kosa moja lililojirudia, likaelezwa na kufanyiwa mazoezi, ni bora kuliko makosa kumi na mawili yaliyosomwa kama orodha ya mashtaka.

Sarufi ya maoni yenyewe

Hapa ndipo walimu wa lugha tuna nafasi nzuri, kwa maana Kiswahili kinatupa vifaa vya kazi hii. Tuangalie vitatu.

1. Nafsi. "Hukueleweka" ni hukumu. "Mimi nilipotea ulipoingia hoja ya pili" ni taarifa ya msikilizaji, na msemaji hawezi kubishana nayo.

2. Viambishi -nge- na -ngali-. Sarufi tunayofundisha hutofautisha hali inayowezekana na ile iliyokwisha kupita. "Ungalitua kidogo, tungalikuelewa" inafunga mlango. "Ungetua kidogo baada ya swali lako, tungepata nafasi ya kufikiri" inauacha wazi.

3. Dhamira tegemezi. "Wakati ujao, uanze na ule mfano wa sokoni." Sentensi hii inampa msemaji kazi ya kufanya.

Tahadhari ndogo kuhusu neno "lakini". Wanafunzi wamezoea kusifu kwanza, kisha "lakini", kisha kukosoa. Baada ya muda msemaji haisikii tena sifa, anaingoja "lakini". Sifa na ushauri vikiwa vyote vya kweli, kila kimoja kinaweza kusimama katika sentensi yake.

Mfano

Tuseme mwanafunzi amezungumza kuhusu madhara ya kaveera, ile mifuko ya plastiki inayoziba mitaro ya Kampala. Mwenzake anasema: "Hotuba ilikuwa nzuri, lakini ulikuwa na woga na ngeli zilikusumbua." Kila neno hapo laweza kuwa kweli, na bado hakuna la kushika.

Sasa tusikie namna nyingine: "Mwenzetu, mfano wa mtaro uliofurika nimeuona kwa macho. Niliposikia 'mifuko hizi' nilisita, kwa sababu mifuko ni ngeli ya M-MI: 'mifuko hii'. Ulipofika kwenye suluhisho uliharakisha, nikakosa hatua ya pili. Wakati ujao, uhesabu hatua hizo kwa vidole." Msemaji anaondoka na mambo matatu: jambo la kubaki nalo, neno la kurekebisha na mbinu ya kujaribu.

Nafasi ya mwalimu

Mwalimu asimkatize msemaji katikati ya hotuba. Aandike na kungoja. Hotuba ikiisha, asiharakishe kutoa jibu. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti wao kuhusu watoto waliokuwa wakisoma kwa Kifaransa nchini Kanada. Waliona kwamba njia iliyopendwa zaidi na walimu ilikuwa kuirudia kauli ya mwanafunzi ikiwa imesahihishwa, na kwamba njia hiyo ndiyo iliyowafanya wanafunzi kujirekebisha kwa nadra zaidi. Kuwadokezea ili walitafute jibu wenyewe kulileta matunda zaidi. Kwa hiyo badala ya kusema "mifuko hii", mwalimu anaweza kuuliza: "Mfuko huu, ikiwa mingi, je?"

Mwisho, mwalimu amsahihishe pia mtoa maoni: alitaja maneno halisi? Alipendekeza la kufanya? Alitumia dakika zake mbili vizuri?

Hatusemi kwamba watu wasifiwe bila sababu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini pia walituambia kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na asiyeonyeshwa kosa lake kwa namna anayoweza kuitumia hana budi kulirudia. Tunawaomba walimu na wanafunzi wenzetu wajaribu karatasi ya safu mbili katika hotuba tatu zijazo, kisha watueleze imewasaidia vipi. Maoni yenu, yakiwa na mifano, tutayapokea kwa shukrani.