Jinsi Mchele Unavyofanywa Bisi

Kila mwanaushirika anazifahamu bisi za mahindi. Mchele ukitiwa katika sufuria hiyo hiyo hauchanui, bali huungua. Hata hivyo viwanda hutengeneza bisi za mchele, zikauzwa katika maboksi na kuliwa asubuhi kwa maziwa. Inafaa makatibu wa vyama vinavyopokea mpunga wa majaruba ya Bariadi na Maswa waielewe kazi hiyo, kwa kuwa punje inayotakiwa na kiwanda hupatikana au hupotea jarubani na penye turubai la kuanikia.

Siri yote ni maji. Ndani ya punje iliyokauka vizuri hubaki unyevu wa asilimia 12 hadi 14. Maji hayo yakigeuka mvuke hudai nafasi ipatayo mara 1,600 ya ile ya awali. Katika hindi la bisi ganda gumu huuzuia mvuke mpaka nguvu yake izidi, ndipo hupasuka. Mchele umekwisha kuvuliwa ganda na pumba, hivyo mvuke hutoroka polepole. Sharti kipatikane kitu cha kushika nafasi ya ganda.

Mwaka 1901 Alexander Anderson, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alipasha moto wanga ndani ya mirija ya kioo iliyozibwa, kisha akaivunja, wanga ukafura. Mwaka 1904, katika maonyesho ya St. Louis, mchele ulifyatuliwa kutoka katika mizinga mbele ya watazamaji. Hapo ganda lilikuwa ni chuma chenyewe: pipa lililofungwa, likapashwa moto, kisha kifuniko kikafunguliwa ghafla.

Njia nyingine hutumia tanuri. Mchele hupikwa kwa mvuke pamoja na sukari, chumvi na kimea, hukaushwa, hubonyezwa kidogo kati ya rola, ndipo huingizwa katika joto kali. Wanga uliopikwa huwa kama ngozi inayonyumbuka, ukaushika mvuke.

Wahindi, kwa upande wao, huuloweka na kuuchemsha mpunga kabla ya kuukoboa, kisha hutia mchele wake katika karai la mchanga wa moto, nao hufura kwa sekunde chache. Njia hii ndiyo iliyo karibu zaidi na uwezo wa chama cha msingi, ijapokuwa kuuchekecha mchanga wote utoke si kazi ya mzaha.

Kwa njia ya pipa, punje yenye ufa haifai: mvuke hupenya ufa, na ikikobolewa huvunjika ikawa chenga. Nyufa husababishwa na mpunga kuachwa jarubani ukakauka mno kisha ukalowa umande au mvua. Hali kadhalika kuanikwa kwa tabaka jembamba katika jua kali bila kugeuzwa. Mbegu zilizochanganywa nazo huleta taabu, maana haziivi kwa wakati mmoja.

Wala ukubwa wa boksi usimdanganye mwanachama. Kilo moja ya mchele haizai zaidi ya kilo moja ya bisi, isipokuwa kwa sukari iliyoongezwa. Kilichozidi ni hewa. Ndiyo sababu kiwanda hupima kwa mizani, si kwa debe.

Kuzitambua nyufa hakuhitaji mashine. Karani wa mizani achukue punje mia, azimenye kwa mkono, azimulike kwa tochi kutoka chini ya kioo na kuzihesabu zenye mistari. Chama kinachomwaga mpunga wote katika rundo moja humlipa aliyeanika kwa uangalifu sawasawa na aliyezembea. Mpunga wenye nyufa nyingi uwekwe kando, uandikwe katika stakabadhi yake, na upewe bei yake.