Kuiga na Kusema: Kenku na Suala la Umilisi wa Lugha

Mhadhara huu unahusu swali la zamani katika taaluma ya isimu: je, kiumbe anayeweza kurudia kila sauti aliyoisikia, lakini asiyeweza kutamka jambo jipya, ana lugha? Kwa kawaida swali hili hujadiliwa kwa mfano wa kasuku. Hapa nitalijadili kwa mfano wa viumbe wa kubuniwa waitwao kenku, kwa kuwa waliowabuni wamelifikisha swali hilo mahali ambapo kasuku hawezi kulifikisha.

Kenku ni viumbe wenye kiwiliwili kama cha binadamu na kichwa kama cha kunguru. Wanapatikana katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliochapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika wake na kueleza kwa mdomo anachokitenda, na dadu huamua iwapo amefaulu. Kenku waliorodheshwa katika kitabu cha Fiend Folio cha mwaka 1981, pamoja na aarakocra, jamii nyingine ya watu-ndege ambao wao wana mabawa. Mwaka 2016, kitabu cha Volo's Guide to Monsters kiliweka kanuni za kumwezesha mchezaji kuwa kenku, na kikasimulia laana yao: kwa kumsaliti bwana wao, walinyang'anywa mabawa, uwezo wa kubuni, na sauti. Tangu hapo husema kwa kuiga tu. Kenku anayetaka kuuliza bei hana budi kutoa sauti ya mteja fulani aliyemsikia akiuliza.

Tumchukue basi kenku aliyekulia miongoni mwa Waswahili. Tuseme amewahi kusikia vitenzi viwili tu: "nitakuja" na "alisoma". Akivirudia vyote viwili kama alivyovisikia, ameiga. Lakini akitaka kueleza kwamba yeye mwenyewe atasoma, itambidi avikate na kuviunganisha upya. Atakata wapi? Akifuata sauti peke yake, aghalabu ataondoa "-ja" na kuweka "-soma" mahali pake, apate "nitakusoma". Neno hilo ni la Kiswahili, lakini silo alilolikusudia, kwani hapo "ku" imekuwa kiambishi cha mtendwa. Katika "nitakuja", "ku" ipo kwa sababu mzizi wa kitenzi ni wa silabi moja. Ili apate "nitasoma", lazima ajue kwamba "ni-" ni nafsi, "-ta-" ni njeo, na "ku" hiyo haifuatani na kila kitenzi. Anayejua hayo ana sarufi, na mwenye sarufi hawezi kuitwa mwigaji tu.

Upatanisho wa kisarufi unatupa ushahidi mwingine. Tunasema "ndege ameanguka" tukimkusudia kiumbe, na "ndege imeanguka" tukikusudia chombo cha usafiri. Nomino ni ileile kwa sauti. Kinachoamua kati ya "a-" na "i-" ni maana. Kenku mwenye hazina ya sauti peke yake hana njia ya kuchagua. Ndiyo sababu msemaji wa Kiswahili akikutana na neno kenku kwa mara ya kwanza husema bila kufundishwa "kenku huyu amefika" na "kenku hawa wamefika". Hajawahi kuyasikia maneno hayo yakiambatana, ameyazalisha.

Uwezo huo wa kuzalisha ulionyeshwa na Jean Berko mwaka 1958. Aliwaonyesha watoto wanaozungumza Kiingereza picha ya kiumbe wa kubuniwa, naye pia wa umbo la ndege, akakiita kiumbe hicho "wug". Kisha akawaonyesha wawili na kuwaacha watoto wakamilishe sentensi. Watoto walitamka wingi wa neno ambalo hakuna aliyewahi kulitamka mbele yao. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuigwa, jibu hilo halikuweza kutokana na uigaji.

Tukirejea kwenye kanuni za mwaka 2016, tunakuta jambo lenye uzito. Kanuni hizo zinasema kwamba kenku anaweza kusoma na kuandika. Asichoweza ni kusema kwa sauti yake. Sasa, anayeandika barua mpya anaunda sentensi mpya. Kwa istilahi za isimu, umilisi wake ni mzima na kilichozuiwa ni utendi kwa njia ya mdomo. Laana inadai kumwondolea ubunifu, lakini kalamu yake inamshuhudia kwamba bado anao. Kwa hiyo kenku, tofauti na kasuku, ni mwenye lugha aliyefungwa kinywa.

Tofauti hiyo haiishii mchezoni. Katika jamii nyingi viziwi wameitwa mabubu, na wakadhaniwa kuwa hawana lugha kwa sababu hawana maneno ya mdomo. Utafiti wa isimu umethibitisha kwamba lugha za ishara zina sarufi kamili, zenye kanuni za kuunda maneno na sentensi zisizo na kikomo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Kosa la kuichukulia sauti kuwa ndiyo lugha limewanyima watu halisi elimu na heshima.

Mwaka 2022, kitabu cha Mordenkainen Presents: Monsters of the Multiverse kiliiondoa laana hiyo katika kanuni. Kenku sasa husema kama wahusika wengine, na kuiga kumebaki kuwa kipaji chao cha ziada. Kwa mtazamo wa isimu, mabadiliko hayo yameweka mambo mahali pake: kuiga ni ustadi wa sikio na koo, ilhali kusema ni kazi ya sarufi iliyomo akilini. Mwalimu anayempima mwanafunzi kwa vitenzi alivyokariri anampima kama kasuku. Na ampe kitenzi ambacho mwanafunzi hajawahi kukisikia, kisha asikilize atakinyambua vipi.