Akili Peke Yake na Swali la Kazimoto

Swali la kusudi la maisha ni la zamani, lakini katika riwaya ya Kiswahili lilipata ukali mpya mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichwamaji. Tumeamua kulijadili katika toleo hili kwa sababu baadhi ya wanafunzi wetu, wakishaisoma riwaya hiyo, huja na kauli moja: kwamba Kazimoto alifikiri sawasawa, na kwamba yeyote afikiriye sawasawa hana budi kufika alikofika yeye. Anayesema hivyo ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwalimu hawezi kumjibu kwa alama ya vyema au kosa.

Kwa asiyeisoma: Kazimoto, ambaye ndiye msimulizi, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe. Dada yake, Rukia, amepewa mimba na Manase, rafiki wa zamani ambaye sasa ni mkubwa serikalini. Rukia anakufa, na mama yao pia. Kazimoto anapima kila kitu kwa akili: dini, mila, elimu aliyopewa, ndoa. Kwake hakuna kinachobaki kimesimama. Hatimaye anajiua.

Je, hoja yake inasimama? Tuipange kama tunavyopanga hoja darasani. Maisha hayana kusudi; kwa hiyo hayafai kuishiwa. Kati ya sentensi hizi mbili pana pengo. Ili ya pili itokane na ya kwanza, lazima tuongeze ya tatu: kwamba kila kisicho na kusudi hakifai. Hiyo Kazimoto hakuithibitisha popote, na wala haielekei kuwa kweli. Watoto wanaocheza kombolela jioni hawana wanachokusudia nje ya mchezo wenyewe, na hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayesema mchezo huo haufai.

Kuna jambo jingine, na hapa lugha yetu yenyewe inatusaidia. Neno kusudi hudai mwenye kukusudia. Jembe lina kusudi kwa kuwa mhunzi alilikusudia. Anayeuliza kusudi la maisha amekwisha kudhani kwamba yuko aliyeyakusudia. Akiwa haamini kwamba yuko, si ajabu akakosa jibu, maana swali lake limejifunga lenyewe. Maana ni neno tofauti. Sentensi haina maana bila mtu wa kuielewa, na mtu huyo huwa ni mmoja katika jamii ya wasemaji. Mwanafunzi anayechanganya maneno haya mawili katika insha tunamsahihisha. Anayeyachanganya katika maisha yake naye anastahili kusahihishwa, kwa upole zaidi.

Aidha, Kiswahili hutofautisha akili na hekima. (Wasemaji wa Luganda watakumbuka kwamba amagezi hubeba sehemu kubwa ya yote mawili.) Akili hukuonyesha njia: ukitaka kwenda Kampala kutoka Mbarara, itakuambia upitie Masaka. Haikuambii kwa nini uende Kampala. Sababu ya safari hutoka kwingine: mgonjwa wa kumwona, ada ya kulipa, mtu unayempenda. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alilieleza jambo hili mwaka 1739 kwa kusema kwamba akili ni mtumwa wa hisia. Ukimwondoa mgonjwa, ada na mpenzi, kisha ukaiuliza akili uende wapi, itanyamaza. Kunyamaza huko si ushahidi kwamba hakuna pa kwenda.

Naona Kezilahabi alilijua hili, na ndiyo sababu jina la riwaya ni Kichwamaji. Ugonjwa unaowapata watoto katika hadithi ni wa kichwa kuwa kikubwa mno. Mtoto wa Kazimoto mwenyewe anazaliwa hivyo. Kichwa kinakua, kiwiliwili hakiwezi kukibeba. Wahakiki wamekieleza kichwa hicho kwa njia nyingi. Mimi nakisoma kama picha ya akili iliyokatwa na ndugu, kazi na ardhi.

Mara nyingi riwaya hii huhusishwa na falsafa ya Albert Camus. Ni sawa, ila wanafunzi wengi husimama nusu ya njia. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 kuhusu Sisyphus, Camus alikubali kwamba akili haipati maana ya ulimwengu, lakini alikataa katakata kwamba kujiua ndilo hitimisho. Hivyo hata mwalimu anayedhaniwa kuwa wa Kazimoto angemkatalia.

Kezilahabi naye hakuishia hapo. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) swali ni lilelile, lakini msimulizi haketi tena kupima hoja. Anatembea, anapotea, anakutana na wanafalsafa wakubwa wa Ulaya, na katika Nagona kuna ngoma kuu. Ngoma, kama kombolela, haiulizwi kusudi lake. Riwaya hizi ni fupi lakini ngumu, na wengi huziweka kando baada ya kurasa kumi.

Tunapendekeza Kichwamaji na Nagona zisomeshwe katika muhula mmoja, ya kwanza ikifuatwa mara moja na ya pili. Na mwalimu atakayesikia mwanafunzi akilitaja hitimisho la Kazimoto kama lake mwenyewe, aache uhakiki siku hiyo, amwite pembeni, amuulize anaendeleaje, anakaa na nani, na kama amekula.