Kitale hadi Bungoma: Safari ya siku moja usiyopaswa kuahirisha

JE, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipowatoa watoto nyumbani bila kwenda harusini wala matangani?

Wengi wetu tukisikia neno utalii huwaza Mombasa na Maasai Mara, tukapiga hesabu ya nauli na hoteli, kisha tukaamua kubaki nyumbani. Lakini ukiwa magharibi mwa Kenya, kuna safari isiyofika hata kilomita 100 ambayo mtoto wako hataisahau upesi. Ni ile ya kutoka Kitale hadi Bungoma kupitia Webuye.

Niliifanya majuzi na mwanangu wa miaka 12, nikilipa deni la zamani. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la mahindi. Shule zikifungwa alinibeba katika barabara hii, na kila tulipokaribia Webuye alinyoosha kidole kuelekea kilima kimoja. “Pale wazee wetu walipigana na Mzungu,” alisema. “Siku moja tutapanda.” Hatukupanda. Kila mara kulikuwa na mtu aliyekuwa akingojea mahindi.

Anza asubuhi katika jumba la makumbusho la Kitale, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya kuelekea Eldoret. Mkusanyiko wake wa kwanza ulikuwa wa mlowezi Hugh Stoneham, mwanajeshi aliyependa wadudu, ndege na vitabu. Aliuanzisha 1926, mwaka uleule reli ilipofika Kitale. Alipofariki 1966 aliliachia taifa hazina hiyo, na Desemba 1974 jumba likafunguliwa kwa umma.

Usiharakishe humo. Kuna michoro mikubwa ukutani inayoonyesha maisha ya jamii zetu, na nje kuna nyumba za kienyeji. Mwanangu aliinama mlangoni, akaingia, akauliza dirisha liko wapi. Tulikaa humo gizani hadi macho yalipozoea, na maswali yakaanza.

Kutoka mjini, zima redio ya gari. Ukipita Kiminini, Mlima Elgon wenye urefu wa mita 4,321 unabaki mkono wako wa kulia, na pande zote ni mahindi. Waeleze watoto kwamba sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa mikononi mwa walowezi, na kwamba baada ya Uhuru mashamba mengi yaligawanywa. Simama njiani ununue ndizi au mahindi ya kuchoma. Safari hii haina haja ya haraka.

Baada ya Kamukuywa, Misikhu na Lugulu unafika Webuye, mji ulioitwa Broderick Falls zama za ukoloni. Hapo ndipo penye kilima cha baba, Chetambe.

Mwaka 1895 Wabukusu walikabiliana hapo na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley. Walikuwa wametakiwa kusalimisha bunduki walizokuwa nazo, wakakataa, na askari waliotumwa kuzichukua wakauawa. Jeshi lililokuja kulipiza lilikuwa na Wasudani, Waganda na Wamaasai pia. Walishambulia kwanza ngome ya Lumboka, kisha Chetambe, ambako watu walikuwa wamejikinga kwa handaki na ukuta wa udongo. Ukuta haukustahimili silaha za Waingereza.

Tulipanda polepole. Juu, mzee mmoja mkazi wa hapo alituonyesha alama za handaki, ambazo mtu mwenye haraka angezipita akidhani ni mtaro wa maji.

“Walijua kwamba watashindwa?” mwanangu aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Baba angekuwa nalo, au angalau angejua nani wa kuulizwa. Nilimgeukia mzee yule, naye akaketi juu ya jiwe na kuzungumza na kijana kwa karibu saa nzima. Mimi nilinyamaza nikasikiliza.

Ukiwa na muda, teremka uone maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia, kisha endelea hadi Bungoma kupitia mashamba ya miwa. Usitarajie majumba ya sanaa huko. Sanaa ya Bungoma imo katika litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, na katika nyimbo za tohara zinazosikika kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wakigonga njuga zao barabarani. Kila kundi huingia katika mojawapo ya marika manane, kama Maina na Nyange, ambayo majina yake hurudi kwa zamu. Mtoto akijua rika la babu yake, anaweza kuhesabu kurudi nyuma hadi kwa waliokuwa Chetambe.

Mawaidha machache: ondoka mapema, kwani mvua hupenda kunyesha alasiri. Vaeni viatu vya kupandia, na mbebe maji.

Tulipopita Webuye tena jioni tukirudi Kitale, mwanangu ndiye aliyenyoosha kidole.

Na wewe, msomaji, kama baba, mama au babu yako angali hai, mpe kiti cha mbele. Mchukue angali na nguvu za kupanda na kumbukumbu za kusimulia. Mahindi yatangoja.