Mafuta Yanayoganda Wundanyi

Je, wajua kwamba mafuta ya nazi yanayotoka Mombasa yakiwa majimaji huweza kufika Wundanyi yakawa donge jeupe? Hayakuchanganywa na kitu, wala hayajaharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Voi, mji ulio kama mita 600 juu ya bahari, joto la mchana hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima. Ukishika barabara ya Mwatate ukapanda vilima vya Taita hadi Wundanyi, hasa baridi ya Julai, utayachota kwa kijiko.

Mafuta yote hujengwa kwa asidi za mafuta, na asidi hizo hazilingani umbo. Zilizoshiba zimenyooka, hubanana kama kuni zilizonyooka kwenye mzigo, na ndiyo sababu huganda upesi. Zisizoshiba zina mpindo, kwa hiyo huacha nafasi na kubaki maji. Mafuta ya nazi yana zilizoshiba karibu asilimia 90. Ya alizeti huwa na asilimia 11 hivi. Katikati yapo ya mawese, ambayo hutoka zaidi Malaysia na Indonesia kupitia bandari ya Mombasa, na ndiyo yanayojaa kwenye mitungi ya mafuta ya kupima. Hayo nayo hupata weupe kama ukungu au kuganda chini ya chupa penye baridi. Yaweke karibu na jiko kwa muda mfupi, yatarudi kuwa majimaji.

Kwa moyo na mishipa, mafuta yenye asidi nyingi zisizoshiba ndiyo bora: alizeti, soya, karanga, ufuta. Lakini pale penye mpindo ndipo hewa ya oksijeni inapouma. Mafuta ya alizeti huchacha mapema kuliko ya mawese, na joto huharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo mpishi wa Voi anayechagua alizeti, na anachagua vizuri, anunue chupa ndogo ya kuisha ndani ya wiki chache, si jerikeni la lita 20 la kuwekwa pembeni ya jiko. Aliye Wundanyi ana nafuu kidogo.

Mwanga nao ni adui. Tangu 2012 Kenya imelazimisha mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A, na vitamini hiyo hupotea chupa angavu ikikaa juani. Ndiyo maana huniuma kuona chupa zimepangwa nje ya duka, jua la Voi likizipiga tangu asubuhi. Omba ya rafu ya ndani. Ukifika nyumbani, funga kifuniko barabara na uweke kabatini mbali na moto. Mtungi usiooshwa usijazwe mapya, kwa sababu masalio yaliyochacha huanza kuyaharibu. Pua itakuambia: mafuta yaliyochacha hunuka kama rangi ya ukutani au njugu za zamani.

Kwenye karai, angalia moshi. Mafuta yakianza kutoa moshi wa bluu yanavunjika, na ule ukali unaowasha macho ni akrolini, inayotokana na gliseroli iliyoungua. Punguza moto. Kwa mahamri au viazi karai, nyuzi 180 hivi zinatosha: kipande cha unga kikitumbukizwa hupanda juu kikichemka pande zote bila kuungua. Yakipoa, yachuje kwa kitambaa safi, kwa maana makombo ndiyo yanayoyachosha, kisha yatie kwenye chupa yenye kifuniko. Yakiwa meusi, mazito, au yakitoa povu lisilotulia, yamefika mwisho, na kuyaongezea mapya hakuyafufui. Usiyamwage kwenye sinki. Yaache yapoe, yafunge kwenye mfuko uyatupe na taka.

Kipimo cha mafuta ya kupikia mboga ni kidogo kuliko mazoea yetu. Kijiko kimoja cha mezani kina kama kalori 120, na kinatosha sufuria ya mchicha wa watu kadhaa. Hata hicho kidogo kina kazi yake: mwili huhitaji mafuta ili ufyonze karotini iliyo katika majani, ambayo huigeuza kuwa vitamini A.